Amaan, Sokoine, Kaitaba au Lubumbashi: hela ya safari moja ya ugenini uipeleke wapi?

Ratiba ya mechi ikitoka tu magrupu ya matawi ya mashabiki yanawaka moto, na swali ni lile lile kila msimu, hela ninayo ya safari moja tu, niende wapi? Hapo lazima atokee mtu aseme "pale nyasi bandia mi siendi, mpira hauna ladha", mwingine amjibu "kwani we ndo unacheza?", halafu mjadala unahamia kwenye nani kafungwa tano na nani, na yule aliyeuliza anabaki na swali lake mkononi.

Sasa nimevichukua viwanja vinne ambavyo watu wa Dar tunavigombania sana, viwili tunaenda kwa ligi na kombe la FA, viwili vinaingia mechi za CAF zikianza. Vitatu vina nyasi bandia (Amaan, Kaitaba na pale kwa Mazembe Lubumbashi) na kimoja nyasi za kuota, Sokoine. Mi ni Simba, nasema mapema ili mjue, ila humu nimejitahidi kuweka ushabiki pembeni, na wa Yanga mtaona nimewapa haki yenu.

VIGEZO KWANZA

Nimepima kila uwanja kwa vitu hivi hivi, na vipimo vyote natoa nikiwa Dar, we wa Mwanza au Arusha piga hesabu zako.

Njia: unafikaje, unachoka kiasi gani, na kama Jumatatu unaweza kuwa kazini.
Nyasi: zinafanya nini kwa mpira unaoenda kuuangalia.
Kukaa na kuona: jua, mvua, na upo mbali kiasi gani na mpira.
Wenyeji na msosi: utapokelewaje, utakula nini.
Mwisho, inamfaa nani.

Bei kamili siweki. Nauli za mabasi zinapangwa na LATRA na zinabadilika, viingilio navyo vinapanda ghafla Simba au Yanga wakiwa wageni, mzunguko wa kawaida mkoani (yale majukwaa ya wazi ya bei ya chini) unaweza kuukuta umekuwa mara mbili siku hiyo. Angalia N-Card, ule mfumo wa kununulia tiketi, wiki ya mechi na usimwamini mtu wa getini.

TUELEWANE KUHUSU NYASI BANDIA

Nimegundua wengi wanaozisema vibaya wanaziona kwenye TV tu. Lile ni zulia la nyuzi za plastiki, chini kuna mchanga na juu wanamwaga chengachenga nyeusi za mpira, mara nyingi ni matairi yaliyosagwa. Zile chenga ndo zinamfanya mchezaji asianguke kama kaangukia sakafu. Ukikaa jukwaa la chini mchana wa jua kali utasikia harufu ya mpira uliopata moto, na angalia kipa akiruka au mtu akiteleza kuchukua mpira, kunaruka kijivumbi cheusi, hizo ndo chenga zenyewe. Mechi ikiisha mkapita uwanjani, usiku hotelini utazimwaga kwenye soksi.

Kwa shabiki zinabadilisha vitu vinne. Cha kwanza mechi inachezwa, mvua ikinyesha saa nane na ikakata saa tisa, saa kumi watu wanapiga pasi kama hamna kilichotokea, na kwa mtu aliyesafiri kilomita elfu moja hilo sio jambo dogo hata kidogo. Cha pili joto, zulia na chenga nyeusi zinakula jua kuliko majani, kwa hiyo mechi ya saa nane mchana mara nyingi dakika ya 60 unaona timu zote mbili zimekata upepo. Cha tatu mpira unadunda juu na unakimbia, timu ya pasi za chini inafurahi, ila pasi ndefu ya kumtanguliza winga mara nyingi inatoka nje kabla hajaifikia na jukwaa zima linamtukana winga bure. Cha nne watu hawakisemi, wachezaji wenye magoti ya matatizo huwa wanapumzishwa. Unaweza kusafiri siku nzima kumwona mtu wako ukamkuta benchi amevaa bibu, kwa sababu daktari wa timu hataki acheze kwenye zulia.

Malalamiko haya sio ya kwetu peke yetu. Kombe la Dunia la wanawake 2015 kule Canada lilichezwa lote kwenye nyasi bandia na wachezaji wakubwa walikuwa wameshafungua malalamiko rasmi mwaka uliotangulia. Uholanzi wamezitoa ligi kuu yao, Scotland nao klabu zilipiga kura ziondoke ligi kuu. Ila ukisoma sababu zao na ukaangalia mvua ya Bukoba na bajeti ya halmashauri zetu ya kutunza majani, unaona kabisa hatuongelei kitu kimoja.

Na kabla hujasema nyasi ndo zinaamua matokeo, kumbuka Januari 2022. Simba tulienda Sokoine tukapigwa moja bila na Mbeya City, tukaenda Manungu sare ya bila kufungana na Mtibwa, tukaenda Kaitaba tukapigwa moja bila tena na Kagera Sugar. Majani, majani, zulia. Point moja kwenye mechi tatu. Baada ya hapo mtu akiniambia "tumefungwa kwa sababu ya nyasi bandia" namwangalia tu.

AMAAN, UNGUJA (nyasi bandia)

Njia: hii ndo rahisi kuliko zote. Boti ya mwendo kasi toka bandarini Dar ni kama masaa mawili, unashuka Malindi, daladala au bodaboda dakika chache upo Amaan. Tatizo ni kurudi. Mechi ikiwa ya usiku, boti ya mwisho inakuwa imeshaondoka zamani, kwa hiyo ile hesabu ya "naenda narudi" ifute, weka hela ya kulala. Na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kusi ikivuma bahari inachafuka, nimeona watu wazima wenye jezi mpya kabisa wameinamia mfuko wa plastiki toka tunaiacha Dar mpaka tunaona minara ya Stone Town. Meza dawa ya kichefuchefu kabla hujapanda, ukishaanza kutapika haisaidii.

Nyasi: uwanja wa tangu 1970 huu ila ulifumuliwa ukafunguliwa upya Desemba 2023 na zulia jipya, mpira unatembea safi sana. Kuna kichekesho kimoja hapa, Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF ya Simba na RS Berkane ilitakiwa iwe kwa Mkapa Dar, mvua zikaharibu majani, CAF wakaukataa, mechi ikahamia Amaan. Yaani nyasi za kweli zimeshindwa na zulia limebeba fainali ya Afrika. Tulitoka moja moja, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1, ila aliyekuwa pale siku ile hawezi kukwambia habari za nyasi, atakwambia kuhusu kelele.

Kukaa na kuona: siti, taa kali, na mechi ikiwa ya usiku lile joto la zulia halikugusi wewe wala mchezaji. Ila kuna njia ya riadha kati yako na mpira, ukiwa nyuma ya goli unaona kwa mbali. Pia uwanja unabeba watu kama elfu 15 hivi, mechi kubwa ukichelewa kununua tiketi umekwisha.

Wenyeji na msosi: wastaarabu, utani upo ila hamna ugomvi. Urojo jioni, mishkaki Forodhani baada ya mechi, bei za Forodhani zipandishe kichwani kabla hujakaa. Ikiangukia Ramadhani jiheshimu, usitembee na chupa ya maji mchana barabarani.

Inamfaa nani: anayeenda na mke au watoto, mwenye siku moja na nusu tu, na anayeanza safari za ugenini. Haimfai anayeogopa maji.

SOKOINE, MBEYA (nyasi za kuota)

Hapa nitakaa kidogo maana mi naamini safari ya ugenini inaanzia barabarani na hii barabara ni mechi tosha.

Njia: zaidi ya kilomita 800 toka stendi ya Magufuli Mbezi. Tangu serikali iruhusu tena mabasi ya usiku Oktoba 2023 watu wengi wanaondoka jioni wanafika asubuhi, wanalala kidogo, wanaenda uwanjani. Unaokoa siku ila unakosa uhondo. Nenda mchana ukiweza. Basi la tawi likiondoka alfajiri mnakunywa chai Msamvu, mnapita Mikumi taratibu kwa sababu ya wanyama (twiga wakiwa karibu na lami basi zima linahamia upande mmoja na dereva anagomba), Ruaha Mbuyuni mnashushiwa vitunguu dirishani, halafu Kitonga. Kitonga nyimbo zinakata zenyewe. Upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde, mbele yenu lori la mizigo linapanda kwa mwendo wa konokono na nyuma kuna mjinga anataka kuovateki. Mkishafika juu Ilula mnanunua nyanya na ngoma inaanza upya. Mafinga baridi inaingia, Makambako unaanza kujuta kuvaa jezi peke yake. Mkipita Igawa kuna wa Yanga huwa wananyamaza ghafla, kule ndani Ubaruku ndiko Ihefu alikomaliza ile rekodi yao ya mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022, mbili moja. Haya nimesema nitaweka ushabiki pembeni, samahani.

Ndege zipo za Songwe, na treni ya TAZARA ipo kwa mtu mwenye muda na subira, ila kwa shabiki wa mechi ya Jumapili treni siipendekezi hata kidogo, ratiba yake na ratiba ya ligi hazijuani.

Nyasi: hapa ndo unacheza kamari. Ukienda kipindi kizuri, mvua zimeisha juzi juzi na majani bado mabichi, utaona mpira mtamu kuliko zulia lolote, mpira unashika chini, mabeki wanateleza bila kuogopa kuchubuka, kila mtu anacheza na njumu zake alizozoea. Ukienda Machi au Aprili katikati ya masika ya nyanda za juu, golini pote mbele panakuwa tope, pasi ya mita kumi inasimama njiani, na kuanzia dakika ya 20 timu zote zinapiga mipira mirefu kichwani kwa straika. Kuna watu wanaupenda huo mpira, mi nikiwa mkweli naupenda pia kidogo, una presha yake, kosa moja la kipa kwenye tope ni goli. Ila kama umeenda kuona kandanda ya pasi 20 utarudi na hasira. Kiangazi nako panakauka panakuwa pagumu na vumbi kidogo. Kiufupi uliza mtu aliyepo Mbeya hali ya uwanja wiki hiyo, usiulize mtu wa mwaka jana.

Kukaa na kuona: jukwaa kuu ndo lenye paa, mzunguko ni wewe na Mungu wako. Mbeya ipo juu sana, kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, jua lake linababua bila wewe kusikia joto, halafu saa kumi na moja kivuli kikiingia baridi inakushika mabegani. Beba koti hata kama asubuhi umeona watu wamevaa fulana. Juni na Julai usibishane, beba.

Wenyeji na msosi: hapa ndo Sokoine inaviacha viwanja vingi. Mbeya City walipopanda 2013 walikuja na jiji zima, zambarau kila kona, msimu wao wa kwanza tu wakamaliza wa tatu, na ile roho bado ipo ingawa walishashuka wakarudi. Wagonga Nyundo wanaimba hata wakiwa wamefungwa. Tanzania Prisons, timu nyingine ya hapa, nao ni Wajelajela, kelele chache kidogo ila mpira wao mgumu, miguu inagongana mpaka unasikia jukwaani. Kwa mgeni utani ni mkali, vaa jezi yako ila ukiwa katikati ya zambarau goli lenu likiingia shangilia kwa akili. Msosi ni viazi, ndizi za Rungwe, nyama ya kutosha na bei ambazo mtu wa Dar anauliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Inamfaa nani: mwenye siku tatu, anayependa safari ya basi la tawi na nyimbo, anayetaka kelele za wenyeji. Haimfai mwenye mgongo mbovu wala anayetaka uhakika wa mpira mzuri wakati wa masika.

KAITABA, BUKOBA (nyasi bandia)

Angalia ratiba kabla ya yote, Kagera Sugar walishuka mwisho wa msimu wa 2024/25, kwa hiyo kufika pale kwa mechi ya timu kubwa inategemea wamerudi ligi kuu au droo ya FA imewapa bahati. Ikitokea, usiiache kirahisi.

Njia: mbali, jamani ni mbali. Zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi, na ukishuka miguu imevimba. Mi nashauri uigawe. SGR mpaka Dodoma halafu basi, au ndege mpaka Mwanza na toka Mwanza una njia mbili: barabara kupitia daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, ile foleni ya kusubiri kivuko imebaki hadithi, au meli ya usiku, MV Victoria ile iliyokarabatiwa ikarudi majini 2020, mnapanda jioni Mwanza mnaamka Bukoba. Meli ya usiku yenye mashabiki wa timu mbili ni kitu ambacho siwezi kukieleza vizuri, hakuna anayelala, ngoma ipo juu, karata zipo chini, na kuna mzee mmoja lazima atoe historia ya ligi toka enzi za Pamba ya Mwanza.

Nyasi: zulia lililowekwa kwa mradi wa FIFA, na kwa mji ule lilikuwa ni lazima. Bukoba ni kati ya miji inayonyeshewa zaidi Tanzania, ziwa linatengeneza mvua zake lenyewe, majani ya kawaida na matumizi ya kila wiki yasingedumu. Kwa hiyo hapa uhakika wa mechi ni mkubwa kuliko Sokoine. Upande wa pili ni kwamba wenyeji wamelizoea, wanajua mpira unadundaje, na mgeni anachukua nusu ya kipindi cha kwanza akipiga pasi ndefu kupita kiasi. Utaona wachezaji wenu wananyoosheana mikono kulaumiana, sio ugomvi, wanatafuta spidi ya mpira tu. Zulia likizeeka nalo linakuwa gumu, chenga zinahamia pembeni na katikati panabaki nyuzi zimelala, kwa hiyo hata "bandia" sio hali moja, uliza limekarabatiwa lini.

Kukaa na kuona: uwanja mdogo, upo mjini, unaona jasho la mchezaji na unasikia kocha anamwita nani. Paa ni la jukwaa kuu. Beba koti la mvua na sio mwamvuli, mwamvuli ukiufungua mzunguko utatukanwa Kihaya na hutaelewa.

Wenyeji na msosi: Bukoba mashabiki wa Simba na Yanga ni wengi kweli, mara nyingine unahisi upo nyumbani. Lakini Wana Nkurukumbi, yaani Kagera Sugar, wana tabia ya kuzifunga timu kubwa, Aprili 2017 tulikula mbili moja pale pale Kaitaba na ile kesi ya kadi za njano (tulidai wamemchezesha mtu mwenye kadi tatu) ikasumbua kamati za TFF wiki kadhaa. Kula matoke na samaki, na ukikutana na msimu wa senene nunua wa kukaanga upeleke nyumbani, ndo zawadi pekee ambayo hawatakuuliza kwa nini umepoteza hela kufuata mpira.

Inamfaa nani: mwenye likizo ya wiki, anayetaka kuona ziwa na nchi, na anayechukia kuahirishiwa mechi. Haimfai mwenye ruhusa ya siku mbili, hata kwa ndege utachoka.

KAMALONDO, LUBUMBASHI (nyasi bandia)

Njia: hii ni ya wenye moyo. Kwa basi ni Mbeya, Tunduma, unaikata Zambia karibu yote mpaka Kasumbalesa ndo unaingia Kongo, karibu kilomita elfu mbili. Mipaka miwili, na foleni ya malori Kasumbalesa inaanza kabla hujauona mpaka wenyewe. Kitabu cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, pasipoti na taratibu za viza kamilisha ukiwa Dar, sio getini. Dola zako ziwe safi, noti yenye mpasuko wa milimita mbili pembeni Kongo hawaipokei, wataigeuza juu ya mwanga kama daktari anaangalia eksirei halafu watakurudishia bila maneno.

Nyasi: TP Mazembe wana uwanja wao wenyewe hapo Kamalondo, na zulia lao wanalifahamu kama wanavyofahamu sebuleni kwao. Mechi za makundi za CAF zinaangukia kipindi cha mvua kule, kwa hiyo bandia inaeleweka. Mpira unakwenda kwa kasi kubwa na Mazembe wanautumia kubana watu dakika 20 za mwanzo. Simba Aprili 2019 tulifika robo fainali ya Klabu Bingwa tukala nne moja. Halafu Yanga, haki yenu hii, Aprili 2023 mkaenda pale pale mkashinda moja bila, goli la Farid Mussa. Zulia ni lile lile.

Kukaa na kuona: uwanja wa mpira tu, hauna njia ya riadha, majukwaa yapo juu ya mstari. Kati ya vinne hivi huu ndo unaona mpira vizuri zaidi. Pia ndo unaotisha zaidi kwa mgeni kwa sababu kelele haina pa kwenda.

Wenyeji na msosi: lile kundi lao la mashabiki la 100% Mazembe ni ngoma na tarumbeta toka masaa mengi kabla, nyeusi na nyeupe kila mahali. Kiswahili kinaongewa kila kona ya mji, mtaelewana, ingawa utacheka na wao watakucheka, ugali kule unaitwa bukari na mtakubaliana kwamba ni kitu kimoja kabla ya sahani kufika. Kaeni pamoja kama kundi, fuateni maelekezo ya viongozi wa safari, na jezi ya ugenini usitembee nayo peke yako usiku.

Inamfaa nani: aliyeshazoea safari, mwenye kundi, pasipoti na akiba ya dharura. Haimfai wa mara ya kwanza, na haimfai mtu wa kulipa nauli ya kwenda akitegemea timu ikishinda atachangiwa ya kurudi. Hao wapo, mnawajua.

SASA WEWE UNAENDA WAPI?

Una wikendi moja tu na familia inataka kuja: Amaan, hamna mjadala mrefu, ila lala huko.

Hujawahi kwenda ugenini na unataka kujua kwa nini watu wanapagawa: Sokoine, mara tu mvua zikikata, kwa basi la mchana.

Hela ni ndogo ila muda upo: Sokoine tena, na tawi. Tawi zuri linakusanya hela mapema, lina orodha ya majina na linakwambia mnalala wapi, ukiona mwenyekiti anakujibu "tutajua huko huko" subiri safari nyingine.

Ni masika na huwezi kuvumilia mpira wa tope: kimoja kati ya vitatu vya bandia. Kwa bahati ya droo Kaitaba, vinginevyo Amaan.

Unaenda kumwona mchezaji mmoja maalumu na unajua goti lake lina historia: subiri mechi ya nyasi za kuota, au angalau sikiliza mkutano wa waandishi siku moja kabla. Kocha akisema "tutaangalia hali yake kutokana na uwanja" ujue hachezi.

Una mtoto mdogo na mechi ni ya mchana wa jua kwenye zulia: nunua tiketi ya jukwaa lenye paa hata kama ni bei kubwa, au baki naye kibanda umiza.

Una tatizo la kifua na vumbi: kiangazi usikae chini Sokoine. Tope la Machi litakuudhi macho tu.

Timu yako imepangwa na Mazembe na hujawahi kuvuka mpaka wowote: anza na Mbeya mwaka huu, tengeneza pasipoti ukirudi, droo ya mwakani ikileta Lubumbashi utakuwa tayari una kitabu cha chanjo na watu wa kukaa nao siti moja.